Barua Zilizorudi kwa Asiyezituma

Kati ya mwaka 2002 na 2004, watu wengi duniani waliokuwa na anwani ya barua pepe walianza kupata majibu ya barua ambazo hawakuwahi kuziandika. Seva ya chuo kikuu wasichokijua iliwaarifu kwamba ujumbe wao haukufika kwa kuwa mpokeaji hayupo. Seva ya kampuni iliyo bara jingine iliwakaripia kwamba kompyuta yao ina kirusi na kwamba wanakisambaza. Mwenye anwani alikagua kompyuta yake asikute kitu, akabadili nywila, na taarifa zikazidi kumiminika. Hakuna aliyekuwa ameingia kwenye akaunti yake. Anwani yake ilikuwa imeokotwa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine, pengine mtu waliyewahi kuandikiana mara moja tu, kisha ikapachikwa mahali pa jina la mtumaji. Historia ya virusi hivyo, Klez, Sobig na Mydoom, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya hasara: kompyuta ngapi ziliambukizwa, fedha kiasi gani zilipotea. Masimulizi hayo huacha nje jambo lililodumu kuliko hasara yenyewe. Barua pepe ilizaliwa na ahadi kwamba barua isipofika, aliyeituma ataambiwa. Ahadi hiyo ilivunjika katika miaka ile, na virusi havikuivunja peke yake. Vilisaidiwa na seva halali, zilizosimamiwa na watu wema, ambazo ziliendelea kutimiza wajibu wa zamani hata pale wajibu huo ulipokuwa umegeuka dhuluma kwa mtu asiyehusika.

Wajibu wenyewe ulianza Agosti 1982. Mwezi huo zilitoka hati mbili ambazo barua pepe ya intaneti ingali imesimama juu yake. Ya kwanza, RFC 821 ya Jonathan Postel, ilieleza jinsi seva mbili zinavyokabidhiana barua, yaani itifaki ya SMTP. Ya pili, RFC 822 ya David Crocker, ilieleza umbo la barua yenyewe: nani ameandika, anamwandikia nani, lini, na kuhusu nini. Utaratibu huu ulitenganisha mambo mawili, kama posta inavyotenganisha bahasha na karatasi iliyo ndani. Juu ya bahasha seva ziliandikiana anwani ya anayepelekewa na anwani nyingine iliyoitwa njia ya kurudi. Ndani ya karatasi kulikuwa na jina la mwandishi, ambalo ndilo msomaji huliona kwenye skrini yake. Hakuna kanuni iliyozilazimisha seva kuhakikisha kwamba jina la ndani linalingana na anwani ya nje, wala kwamba yoyote kati ya hizo mbili ni ya kweli.

Inafaa kuitazama hiyo njia ya kurudi kwa makini, maana mkasa wote uliofuata ulipitia humo. Katika hati ya 1982 haikuwa lazima iwe anwani ya mtu peke yake. Ingeweza kuwa orodha ya mashine ambazo barua imezipitia, kila seva ikiongeza jina lake mbele, ili ikitokea hitilafu habari irejee kwa njia ileile hadi chanzo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupeleka habari ya kushindwa. Na amri iliyoandamana nayo ilikuwa nzito: seva ikishaikubali barua kisha ikashindwa kuifikisha kwa sababu yoyote ile, ni lazima iandike taarifa ya kutofika na kuituma kwa mwenye barua. Postel aliona mbele hatari kwamba taarifa mbili za makosa zinaweza kujibizana bila kikomo, akaeleza kwamba taarifa ya namna hiyo itumwe ikiwa na njia ya kurudi iliyo tupu. Aliwaza juu ya mashine zinazokosea kwa bahati mbaya. Dhidi ya mtu anayejaza kwa makusudi anwani ya mwenzake, ili lawama na taarifa zimwangukie huyo mwenzake, hakukuwa na kinga.

Kutokana na hilo wengi wamehitimisha kwamba waanzilishi wa barua pepe walikuwa watu wa kuamini kila mtu, wasomi wachache waliofahamiana wasiojua dunia ilivyo. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 1982 mtandao wa ARPANET ulikuwa na mashine mia mbili na ushei. Lakini maandishi yao wenyewe hayaiungi mkono. RFC 822 ilitaka jina la mwandishi, kwa kawaida, liwe anwani iliyothibitishwa, na ikaweka sehemu nyingine kwa ajili ya utambulisho uliothibitishwa wa aliyeituma kwa niaba ya mwandishi. Waliwaza juu ya uthibitisho. Kazi hiyo waliiachia mashine inayotuma, na katika zama zao uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kompyuta ilikuwa kubwa, ikitumiwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiingia kwa jina na nywila yake, na juu yao akikaa msimamizi ambaye aliweza kupigiwa simu. Mashine iliyosema barua hii ni ya fulani ilikuwa imemwona fulani akiingia. Shahidi alikuwepo, ila alikaa upande wa chanzo.

Shahidi huyo aliondoka katika miaka ya 1990, na aliondoka kimyakimya. Kompyuta ilihamia juu ya meza ya mtu mmoja. Katika Windows 95 na Windows 98 mtumiaji ndiye alikuwa msimamizi, na programu yoyote aliyoifungua ilipata mamlaka yote aliyokuwa nayo. Kompyuta hiyo ilipounganishwa na intaneti kwa modemu, iliweza kuzungumza SMTP moja kwa moja na seva yoyote duniani, na seva hiyo ikaisikiliza kwa heshima ileile ambayo zamani ilikuwa ya mashine za vyuo vikuu. Itifaki ilibaki ileile huku aliyekuwa akiithibitisha akiwa hayupo tena. Dalili za hatari zilionekana mapema. Mwaka 1997 mtumaji wa barua taka aliyefungiwa akaunti na tovuti ya joes.com alilipiza kisasi kwa kusambaza barua taka zilizoonekana kutoka kwenye tovuti hiyo, na mwenye tovuti akafunikwa na barua zilizorudi pamoja na hasira za waliozipokea. Huo ulikuwa mkono wa mtu mmoja mwenye chuki na mtu mmoja. Virusi vilikuja kufanya jambo hilohilo bila chuki na bila kuchagua.

Virusi vya barua vilivyotangulia havikuhitaji kughushi jina. Vilitegemea jina la kweli. Desemba 1987, programu ya salamu za Krismasi iliyoandikwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Clausthal, Ujerumani, ilichora mti kwenye skrini kisha ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa katika faili la majina la mpokeaji. Ilienea katika mtandao wa BITNET hadi ndani ya mtandao wa IBM. Machi 1999 kirusi cha Melissa kilijituma kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha Outlook, kikiandika kwenye kichwa cha habari jina la mwenye kompyuta. Mei 2000 kirusi kilichojifanya barua ya mapenzi kilitoka Ufilipino na kujituma kwa kila aliyekuwa kitabuni. Nguvu ya vyote vitatu ilikuwa kwamba mpokeaji anamjua mtumaji, na mtumaji kwa hakika ndiye aliyeambukizwa. Kwa hiyo taarifa ya kutofika ilikuwa bado inafanya kazi yake kwa uaminifu. Mtu aliyeletewa rundo la barua zilizorudi, zenye jina lake na kiambatisho asichokijua, alipata habari ya kweli kwamba kompyuta yake inaumwa. Rafiki aliyempigia simu kumwonya alimpigia mtu sahihi. Kirusi cha namna hiyo kilijitangaza kwa njia ileile kiliyoenea kwayo, na hiyo ni sehemu ya sababu kwamba milipuko ile ilikuwa mikali lakini mifupi.

Klez ndicho kilichobadilisha mchezo. Kilionekana mwishoni mwa mwaka 2001, na toleo lake la H, lililotokea Aprili 2002, liliendelea kuzunguka kwa miezi mingi. Klez kilibeba ndani yake injini yake ya kutuma barua, hivyo hakikuhitaji programu ya barua ya mwenye kompyuta wala seva ya kampuni inayomuunganisha. Kilipekua kompyuta kikitafuta anwani, katika kitabu cha anwani na katika mafaili mengine yaliyohifadhiwa humo, kisha kikachukua moja kuwa mpokeaji na nyingine kuwa mtumaji. Kilitumia pia ufa uliokuwemo katika Internet Explorer, ambao Microsoft ilikuwa imeuzibia kiraka mwezi Machi 2001, kiasi kwamba kwa asiyeweka kiraka hicho kuitazama barua tu kulitosha kuambukizwa. Baadhi ya barua zake zilijifanya barua zilizorudishwa kwa kutofika. Nyingine zilijifanya dawa: zilieleza hatari ya Klez na kumtaka mpokeaji aendeshe kiambatisho ili apate kinga.

Faida ya kughushi kwa kirusi ilikuwa muda. Tuseme kompyuta ya kwanza ndiyo yenye kirusi, barua inakwenda kwa mtu wa pili, na jina lililoandikwa ni la mtu wa tatu. Wa pili anamwonya wa tatu. Wa tatu anahangaika kusafisha kompyuta iliyo safi. Wa kwanza, ambaye ndiye mgonjwa, hasikii neno. Kila onyo linakwenda pasipostahili, na kwa kuwa yule wa tatu ni mtu anayejulikana na wa kwanza, au aliyewahi kupita katika kompyuta yake kwa namna fulani, mara nyingi wote watatu walihusiana, hata lawama zikaingia ndani ya ofisi moja au ukoo mmoja. Palikuwa na njia ya kumjua mgonjwa halisi: kusoma mistari ya kichwa cha barua inayoonyesha namba ya mtandao ya mashine iliyoikabidhi. Mistari hiyo huandikwa na seva inayopokea, na kirusi hakiwezi kuifuta. Lakini programu za barua za siku zile ziliificha, na mtumiaji wa kawaida hakufundishwa kuisoma.

Sasa tuje kwa seva. Barua ya kirusi ikienda kwa anwani isiyokuwepo, seva inayopokea ina njia mbili. Inaweza kuikataa papo hapo, wakati mashine inayotuma ingali kwenye mazungumzo. Inajibu kwamba mtu huyo hayupo, na mambo yanaishia hapo. Au inaweza kuikubali, ikaiweka ndani, ikagundua baadaye kwamba haina pa kuipeleka, kisha ikatii amri ya 1982 na kuandika taarifa kwa anwani iliyo kwenye njia ya kurudi. Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana ndogo, lakini ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika njia ya kwanza jibu linamwendea yule hasa aliyeko upande wa pili wa waya. Kama ni kirusi, kinalipuuza na hakuna anayesumbuliwa. Kama ni seva halali iliyotumwa na mtu halali, basi seva hiyo inamjua mteja wake na itamwarifu yenyewe. Katika njia ya pili seva inakuwa imeamini maandishi ya mgeni juu ya nani alaumiwe.

Seva nyingi zilifuata njia ya pili, na hazikuifuata kwa uzembe. Programu ya qmail, iliyoandikwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990 na kusifiwa kwa haki kwa usalama wake, iligawa kazi katika vipande vidogo visivyoaminiana. Kipande kilichopokea barua kutoka nje hakikujua orodha ya watumiaji wa ndani, kwa hiyo kilipokea kila barua ya kikoa chake na kuwaachia wengine wagundue kama mtu yupo. Taasisi kubwa ziliweka seva ya mbele ya kuchuja na seva ya ndani ya kuhifadhi, na ya mbele haikuwa na orodha ya majina. Seva za akiba, zinazopokea barua wakati ile kuu imezimika, mara nyingi nazo hazikuwa na orodha. Kila moja ya miundo hiyo ilikuwa na busara yake katika dunia ambamo njia ya kurudi ni ya kweli. Njia ya kurudi ilipokuwa ya uongo, kila moja iligeuka kuwa mtambo wa kumrushia barua mtu wa tatu.

Agosti 2003 ilionyesha ukubwa wa jambo hilo. Toleo la F la kirusi cha Sobig, lililoanza kusambaa tarehe 18 na 19 mwezi huo, lilituma barua nyingi kwa wakati mmoja kutoka kila kompyuta lililoikamata, likighushi mtumaji kila mara, na liliandikwa liache kuenea lenyewe tarehe 10 Septemba. Kiambatisho chake kilikuwa cha kilobaiti 72 hivi. Kikishageuzwa kuwa maandishi ili kiweze kusafiri kwa barua, uzito hukaribia kilobaiti 100. Seva nyingi ziliporudisha barua zilirudisha na kiambatisho chake. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, barua moja ya uzito huo huchukua si chini ya sekunde 14 hata laini ikiwa haina kasoro, na barua 100 hula zaidi ya dakika 20 za simu. Huku kwetu gharama hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Kabla ya nyaya za SEACOM kuanza kutoa huduma Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita angani kwa setilaiti, kwa bei kubwa na kasi ndogo iliyogawanywa na ofisi nzima. Aliyeletewa taarifa za barua asizozituma alilipia kila moja, kwa fedha au kwa kungoja. Zaidi ya hayo, taarifa iliyorudi na kiambatisho ilimfikishia kirusi chenyewe, safari hii kikiwa kimebebwa na seva yenye jina jema.

Juu ya taarifa hizo zikaja zile za programu za kuzuia virusi. Seva iliyokuwa na programu hiyo ilikamata barua, ikaondoa kiambatisho, kisha ikamwandikia anayedhaniwa kuwa mtumaji: barua yako ilikuwa na kirusi, safisha kompyuta yako. Wapo waliotetea desturi hiyo kwa kusema kwamba ni heri kumwonya mtu bure kuliko kumwacha mgonjwa bila habari. Kwa Melissa utetezi huo ulisimama. Kwa Klez na Sobig hausimami, kwa sababu moja ambayo naiona haina jibu: onyo lenyewe lilitaja kirusi kwa jina. Programu iliyoandika kwamba imekamata Klez.H ilikuwa imekwisha kukitambua kirusi ambacho watengenezaji wa programu hizohizo walikuwa wameshaeleza hadharani kwamba hughushi mtumaji. Ujuzi ulikuwepo ndani ya mashine ileile iliyotuma onyo la uongo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maelekezo wa kuiambia kwamba kwa virusi vya aina hii isimwandikie mtu. Mstari huo ulichelewa, na wakati ukichelewa onyo liliendelea kutoka likiwa na jina la bidhaa ya mtengenezaji. Sisemi kwamba ulicheleweshwa kwa ajili ya kujitangaza. Nasema kwamba waliokuwa na uwezo wa kuuandika hawakuwa wao wanaoumizwa na kukosekana kwake.

Mydoom, kilichotokea tarehe 26 Januari 2004, kilionyesha kwamba waandishi wa virusi walikuwa wameusoma udhaifu huo vizuri. Kampuni ya MessageLabs, iliyochuja barua za wateja wake, iliripoti kwamba katika kilele chake barua 1 kati ya 12 ilikuwa ya Mydoom. Kilikusanya anwani kama wenzake, lakini pia kilibuni nyingine: kilichukua kikoa chochote kilichokutana nacho na kukitangulizia majina ya kawaida ya Kiingereza, kama vile john, alex na mike. Anwani nyingi za kubuni hazikuwepo, kwa hiyo barua zake nyingi zilikuwa za kurudi tangu zilipotumwa. Na kilivaa sura ya taarifa yenyewe. Baadhi ya vichwa vyake vya habari vilidai kutoka kwenye mfumo wa kufikisha barua, na maelezo ya ndani yalisema ujumbe haukuweza kuonyeshwa kama maandishi ya kawaida hivyo umewekwa kama kiambatisho. Mtu aliyekuwa amezoea kupata taarifa za kutofika siku nzima aliifungua ili ajue ni barua gani tena iliyokwama. Hapo mduara ulikamilika: taarifa za kweli zilizokosea njia zilikuwa zimewafundisha watu kuzitarajia, na kirusi kikavuna mazoea hayo. Kilielekezwa kuishambulia tovuti ya kampuni ya SCO tarehe 1 Februari, na kampuni hiyo pamoja na Microsoft kila moja ilitangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia kumkamata mwandishi. Hajulikani hadi leo.

Kuna wanaosema lawama yote ni ya watumiaji, waliofungua viambatisho walivyoonywa wasivifungue. Hoja hiyo haimgusi mhusika ninayemzungumzia. Mtu ambaye anwani yake ilighushiwa hakufungua chochote. Huenda alitumia Macintosh au Linux, ambamo virusi hivyo havikuweza hata kuendeshwa. Kosa lake lilikuwa kwamba aliwahi kuandika barua, au kwamba anwani yake ilionekana kwenye ukurasa ambao mtu mwingine aliusoma. Ulinzi wowote ambao angeuweka kwenye kompyuta yake usingezuia taarifa hata moja. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba tatizo lilikuwa la seva na wanaozisimamia, kwa kuwa wao peke yao ndio waliokuwa na mkono juu ya taarifa hizo.

Tiba zilizofuata zimechukua zaidi ya miaka ishirini, na nyingi zinaweza kusomwa kama juhudi za kumrudisha yule shahidi wa 1982. Desemba 1998 ilikuwa tayari imetoka kanuni ya kutenga bandari ya 587 kwa ajili ya watu kukabidhi barua zao kwa seva yao, na Machi 1999 ikatoka ya kumtaka mtu ajithibitishe kabla ya kutuma. Baada ya Sobig na Mydoom kampuni nyingi za intaneti zilianza kuifunga bandari ya 25, ambayo seva hukabidhiana barua kupitia kwayo, kwa wateja wa majumbani, hivyo kirusi chenye injini yake kikakosa njia ya kutokea. Mwaka 2003 Meng Weng Wong alianza kukuza pendekezo la SPF, ambamo mwenye kikoa hutangaza ni mashine zipi zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Kikundi cha wataalamu wa IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, kilichokabidhiwa kulifanya kiwango cha pamoja kilivunjwa Septemba 2004, baada ya mabishano yaliyochochewa zaidi na hataza ambazo Microsoft ilizidai katika pendekezo lake la jirani. Miezi michache tu baada ya Mydoom, dunia ikapoteza wakati kwa jambo la namna hiyo. Naliona kuwa ukurasa wa aibu katika historia hii. SPF ilichapishwa Aprili 2006 kama jaribio. DKIM, inayotia barua sahihi ya kihesabu, ikafuata Mei 2007, na DMARC, inayotaka jina la ndani ya karatasi lilingane na uthibitisho wa nje, ikatangazwa Januari 2012.

Watetezi wa mbinu hizi husema tatizo limekwisha. Limepungua sana, nakubali, lakini malipo yake hayakugawanywa sawa. Aprili 2014 Yahoo ilitangaza kwamba barua yoyote yenye jina la kikoa chake isiyopita DMARC ikataliwe, na makundi ya majadiliano ya barua pepe yaliyofanya kazi kwa uaminifu kwa miongo mingi yakavurugika siku hiyo, kwa sababu kundi hupokea barua ya mwanachama na kuisambaza kwa seva yake lenyewe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na SPF, DKIM na DMARC zote tatu. Kampuni kubwa hutimiza masharti hayo kwa idara nzima ya wataalamu, ilhali chuo kidogo au shirika la kijamii lenye fundi mmoja wa muda linaona barua zake zikipotea kwenye kapu la barua taka bila kujua kwa nini.

Na hapa ndipo ahadi ya zamani ilipoumia zaidi. Kwa sababu taarifa za kutofika zilikuwa zimechafuka, watu waliacha kuzisoma, vichujio vikaanza kuzihesabu kama taka, na wasimamizi wengi wakachagua kuifuta barua kimya badala ya kumwarifu yeyote. Kanuni ya SMTP iliyotolewa upya Oktoba 2008, RFC 5321, ilibakiza wajibu wa kuarifu, lakini ikaongeza kwamba barua ikishajulikana kuwa ya hila, chaguo la kwanza ni kutotuma taarifa. Msamaha huo ulikuwa wa lazima. Tabia iliyokua kando yake, ya kunyamazia hata barua isiyo ya hila, haikuwa ya lazima. Mwombaji wa kazi aliyekosea herufi moja ya anwani ana haki ya kujua kwamba barua yake haikufika, na kunyimwa habari hiyo ni hasara ambayo haimo katika hesabu yoyote ya madhara ya Mydoom.

Wapo wasimamizi wanaojibu kwamba kukataa barua papo hapo hakuwezekani kila wakati: ukaguzi wa kiambatisho huchukua muda, diski hujaa baada ya barua kupokelewa, barua nyingine huelekezwa mbele kwenda seva isiyo yao. Ni kweli, na kwa hali hizo taarifa itaendelea kuhitajika. Lakini sababu iliyokuwa ya kawaida kuliko zote, mpokeaji asiyekuwepo, haimo katika udhuru huo. Seva ya mbele inaweza kupewa orodha ya majina. Ya akiba vilevile. Programu zote kuu za barua zinazotumika leo zina uwezo huo, na hata qmail ilipata viraka vya kufanya hivyo kutoka kwa watumiaji wake.

Kwa hiyo kama unasimamia seva ya barua ya shule, ya halmashauri, ya hospitali au ya kampuni ndogo, fanya jaribio hili leo: kutoka nje, tuma barua kwa jina lisilokuwepo katika kikoa chako, kisha soma kwa makini taarifa itakayokurudia. Ikiwa imeandikwa na seva uliyotumia kutuma, ikinukuu kwamba yako imekataa, uko salama. Ikiwa imeandikwa na seva yako mwenyewe, basi yeyote anayeghushi jina anaweza kukutumia kumrushia mtu barua asizozituma. Ipe orodha ya watumiaji, iache ikatae mwanzoni, na zima kila onyo la kirusi linalokwenda nje kwa mtumaji asiyethibitishwa.